Alichomaanisha Mteja

Daftari la simu katika kiwanda kidogo cha unga wa Siha Timilifu lilikuwa na safu mbili. Juu ya safu ya kushoto paliandikwa kwa wino mwekundu: ALICHOSEMA. Juu ya safu ya kulia: ALICHOMAANISHA. Mstari wa katikati aliuchora Mkurugenzi mwenyewe kwa rula, na siku alipomkabidhi Msomi daftari hilo alimweleza kazi kwa maneno machache.

"Mteja akipiga simu, kushoto andika maneno yake. Kulia andika maana yake. Watu wengi hawajui kujieleza, binti. Sisi tunawasaidia."

Msomi alikuwa na miaka ishirini na mitano, stashahada ya lishe, na haya ya mtu anayebisha hodi hata kwenye mlango ulio wazi. Jina la Msomi alipewa na akina mama wa kufungasha kabla hajamaliza saa moja kazini, nusu kwa heshima na nusu kwa utani, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukataa kitu mbele za watu, likamganda. Alikuwa amekaa nyumbani mwaka mmoja na nusu tangu atoke chuoni. Akalipokea daftari kwa mikono miwili, akasema ahsante.

Kazi yenyewe aliielewa mchana ule ule. Bibi mmoja alipiga simu kusema kwamba tangu anywe uji wa unga ule ana siku mbili hatoki chooni. Msomi akampa pole, akamwambia anywe maji mengi na aende zahanati, kisha akaandika kushoto: "Ameharisha siku mbili." Kulia akaacha wazi, maana hakuona maana nyingine ya kuharisha. Mkurugenzi akapita nyuma yake, akasoma juu ya bega lake, akachukua kalamu na kujaza mwenyewe: "Husafisha utumbo ndani ya saa arobaini na nane."

"Umeona?" alisema, akimrudishia kalamu taratibu kama mwalimu wa mwandiko. "Mama wa watu anadhani analalamika. Kumbe anatoa ushuhuda."

Kila lebo mpya zilipokwenda kuchapwa, safu ya kulia ilihamia mgongoni mwa pakiti. Ndivyo magonjwa yalivyoongezeka. Mwanamume mmoja alisema uji ule una ladha ya majivu, ameushindwa na siku nzima hakutamani kula kitu kingine; mgongo wa pakiti ukapata "Hupunguza uzito bila mazoezi." Mama mmoja alisema mtoto wake amekesha akilia; ukapata "Huchangamsha ubongo wa mtoto." Bwana mmoja alikosea namba, alikuwa akimtafuta fundi wa kuzibua mabomba, na Mkurugenzi aliposikia hivyo alitazama dari, akasema andika, "Huzibua mishipa."

Ilipofika lebo ya tano, mistari ilikuwa thelathini na minne, na herufi zilikuwa zimesinyaa mpaka zikafanana na vumbi la unga wenyewe.

"Siku hizi kuisoma hii mtu anahitaji miwani," alisema Mama Mizani, aliyepima kila pakiti kabla haijafungwa na ambaye hakuna mtu wala kitu kilichompita bila kupimwa. "Na mstari wa ishirini unasema ukitumia unga huu, miwani utaitupa. Sasa mtu ataanzia wapi?"

Jambo la kusikitisha ni kwamba unga wenyewe ulikuwa mzuri. Msomi aliyajua yaliyomo kwa sababu ndiye aliyekagua magunia: mtama, dengu, mbegu za maboga, karanga kiasi, vyote vimechaguliwa mawe, vikakaangwa kwa moto wa wastani na kusagwa laini. Ulikuwa na protini, ulikuwa na madini ya chuma, ulikuwa na nyuzinyuzi za kumridhisha mwalimu wake yeyote. Mtoto aliyekonda angenawiri nao. Wiki yake ya kwanza alijipa moyo akaandika kwenye kikaratasi pendekezo la lebo: "Chakula kizuri cha asubuhi kwa familia yote." Mkurugenzi alikisoma, akamtazama kwa huruma.

"Chakula?" aliuliza. "Chakula kila mtu anacho kwake. Nani atatoka nyumbani kwake atafute chakula?"

Hilo ndilo lilikuwa kosa la pekee la unga ule. Ulikuwa chakula tu.

Mkurugenzi mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Kabla ya unga aliuza mapazia, na alikuwa bado na mazoea ya kumtazama mtu kama anakadiria upana wa dirisha lake. Alivaa koti jeupe la daktari, na shingoni alining'iniza kipimo cha kusikilizia moyo ambacho hakuna aliyewahi kumwona amekitia masikioni. Kila siku saa nne kamili alijifungia ofisini, mtoto wa meza ukasikika ukifunguliwa kwa ufunguo, kisha glasi ya maji ikagonga meza. Uji wa Siha Timilifu hakuna aliyemwona akiunywa. Alikunywa chai na mkate, kama watu.

Kwa miezi kadhaa Msomi alijifariji kwamba yeye hubuni vitu vidogo vidogo tu. Kucha. Nywele. Uchovu wa jioni. Nani amekufa kwa kuamini kwamba kucha zake zitang'aa? Mpaka siku moja akapiga simu mzee mmoja mwenye sauti ya upole, asiyekuwa na haraka.

"Binti yangu, nimetumia unga wenu mwezi wa pili huu. Dawa za presha nimeweka pembeni. Sasa naona presha inazidi kupanda. Nifanyeje?"

"Rudia dawa zako, baba," Msomi alisema, kwa sauti ya chini mno. "Nenda hospitali leo, usingoje kesho."

"Unasemaje? Sikusikii."

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni. Msomi alirudia kwa kunong'ona, na yule mzee akasema laini ni mbovu, atapiga tena. Hakupiga tena. Kushoto Msomi akaandika: "Presha imepanda." Kisha akahisi macho ya Mkurugenzi kwenye kisogo chake, akaivuta kalamu upande wa kulia, na kalamu ikaenda yenyewe kama inayojua njia: "Wiki za mwanzo presha huweza kupanda. Usiogope: ni dalili kwamba mwili unasukuma sumu nje."

Mkurugenzi aliisoma mara mbili. "Sasa umeiva," alisema.

Msomi aliona aibu. Na chini ya ile aibu, jambo ambalo hakumwambia mtu, aliona fahari kidogo, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kusifiwa tangu atoke chuoni. Sentensi ile ikawa mstari wa ishirini na tatu.

*

Alikuwa akiishi na baba yake, wawili tu, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule. Mtaani walimwita Mzee wa Mita, maana kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji. Kazi ile ilimfundisha jambo moja, nalo lilimtosha maisha yake yote: watu husema, mita huandika.

"Mwenye nyumba atakuapia kwamba bomba lake lina wiki tatu halijatoa tone," alipenda kusimulia, "na wewe umesimama kwenye bustani yake, maua yanakuchungulia. Utabishana naye? Hubishani. Unainama, unasoma, unaondoka."

Kwa hiyo Mzee wa Mita hakuamini la kuambiwa. Aliamini lililoandikwa. Alisoma vikaratasi vya dawa mpaka jina la mchapaji, alisoma maganda ya sabuni, na alikuwa na kioo cha kukuzia maandishi alichostaafu nacho. Wafanyakazi wa kiwandani walipewa pakiti mbili za unga kila wiki, na siku Msomi alipozileta za kwanza, baba yake alikaa nazo dirishani nusu saa nzima.

"Haya umeandika wewe?"

"Mengine, baba."

"Mama," alisema, kwa maana ndivyo alivyomwita tangu utotoni. Kesho yake Msomi aliporudi kazini alikuta mgongo wa pakiti umekatwa vizuri kwa mkasi na kubandikwa sebuleni, kando ya stashahada yake. Hapo ndipo angepaswa kusema. Akaona haya, akaenda kupika.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa akipangusa kabati la baba yake. Nyuma ya mafaili ya zamani alikuta mfuko wa zahanati. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya presha vya miezi miwili, vimejipanga kwenye karatasi zake za fedha, hata kimoja hakijabonyezwa.

Baba mkubwa wake, kaka wa baba huyu huyu, alianguka bafuni kwa presha. Hakufa, lakini upande mmoja wa uso ulishuka, mkono ukafa ganzi, na kwa miaka miwili Msomi alikuwa akimlisha kwa kijiko na kumfuta kidevu, mzee aliyekuwa akichekesha watu harusini.

Akautoa mfuko sebuleni, akauweka mezani mbele ya baba yake, karibu na bakuli la uji.

"Baba, hivi ni nini?"

"Hivyo ni vidonge."

"Kwa nini vyote vipo?"

"Kwa sababu sivihitaji." Mzee alilamba kijiko. "Nakula uji."

"Baba, uji hauponyi presha."

"Nani kasema?"

"Mimi ndiye nimesema."

"Ahaa. Umesema." Akageuka, akaelekeza kijiko ukutani. "Na pale umeandika."

Msomi alivuta kiti akaketi, akasema kile ambacho hakuwahi kukisema kwa mtu yeyote. Alimweleza habari za daftari na safu zake mbili. Alimweleza yule bibi wa chooni na yule bwana wa mabomba. Alimweleza kwamba mishipa kule mgongoni mwa pakiti ni mabomba ya mtu. Alizungumza akiangalia meza, na masikio yake yalikuwa ya moto. Alipomaliza, baba yake alikuwa akimtazama kwa upendo mkubwa.

"Unajua wewe tatizo lako?" alisema. "Darasa la tatu ulishika namba ya kwanza. Ukaja hapa unalia, unasema mwalimu amekosea kujumlisha. Nikaenda shule kuuliza. Mwalimu hakukosea. Mwanangu, mtu anaweza kuona haya mpaka ya kazi yake mwenyewe?"

"Baba, hii siyo haya. Huu ni uongo, nao nimeutunga mimi."

"Hayo hayo. Unajishusha."

Msomi hakukata tamaa. Alikwenda zahanati ya jirani, akaazima mashine ya kupima presha, akaifunga mkono wa baba yake. Mashine ikavimba, ikapumua, ikaonyesha mia na tisini juu, mia na kumi na mbili chini. Akashukuru moyoni. Baba yake alikuwa mtu wa kusoma. Basi na asome.

Mzee wa Mita aliitazama ile mashine kwa jicho la kazi. Akaigeuza, akakagua chini yake.

"Hii ni mpya?"

"Ina mwaka."

"Mita changa husoma juu. Mpaka izoee." Kisha akavuta kioo chake, akachukua pakiti, akatembeza kidole mgongoni mwake mstari kwa mstari, bila pupa, kama aliyekwisha kujua anakokwenda. Kidole kikasimama. "Soma hapa. Macho yako bado mazima."

Msomi hakuhitaji kusoma. Ulikuwa mstari wa ishirini na tatu.

"Usiogope," baba yake alimsomea, kwa sauti ya kumbembeleza. "Unaona? Ni sumu zinatoka."

*

Jumapili nzima Msomi hakula kitu cha maana. Alifikiria kuviponda vidonge na kuvitia kwenye uji, lakini baba yake alikuwa mtu wa kunusa. Alifikiria kumwita muuguzi aje aseme naye, lakini muuguzi naye angesema tu. Kila aliyemfikiria angesema. Jioni akapita sebuleni, akasimama mbele ya ile karatasi iliyobandikwa kando ya jina lake, na akaona lililokuwa wazi muda wote. Baba yake hakuwa mkaidi. Alikuwa akimtii binti yake kuliko binti yeyote alivyowahi kutiiwa. Ila alimtii pakitini.

Jumatatu lebo ya sita ilikuwa iende kwa mchapaji. Kuipeleka ilikuwa kazi ya Msomi, na Mkurugenzi alikwisha kuiwekea saini. Msomi alifunga mlango wa stoo, akafungua kompyuta, akakata kwanza mstari wa ishirini na tatu. Juu kabisa, kabla ya magonjwa yote, akachora kisanduku. Ndani yake akaandika, kwa herufi nene ambazo hata kipofu nusu angeziona:

SIHA TIMILIFU HUAMSHWA NA VIDONGE VYA HOSPITALI. ANAYEACHA VIDONGE VYAKE ANAKUNYWA UJI MTUPU.

Aliitazama. Nusu ya kwanza ilikuwa uongo kama ndugu zake wengine. Nusu ya pili ilikuwa sentensi ya kwanza ya kweli kuwahi kuandikwa kwenye pakiti ile. Akabonyeza, ikaenda.

Lebo zilirudi Alhamisi. Pakiti mia nne zilikuwa zimesimama uchi mezani zikizingoja, kwa sababu lebo za zamani zilikwisha tangu jana yake. Mama Mizani alifungua bunda la kwanza, akasoma, akaangalia juu, akamwona Msomi amejibanza nyuma ya magunia.

"Nani kaandika hii?"

Msomi akajifanya anahesabu magunia.

"Naipenda," alisema Mama Mizani, akaanza kubandika upesi upesi kuliko siku zote.

Alikwisha kubandika kama sitini hivi Mkurugenzi alipotoka ofisini. Alichukua pakiti moja, akaisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi juu ya gunia. Uso wake ulibadilika rangi.

"Msomi. Njoo ofisini."

Msomi aliingia, akasimama karibu na mlango.

"Umetuua," Mkurugenzi alisema. Hakupaza sauti, ilikuwa kama anatoa taarifa. "Mtu ananunua unga wangu ili asimeze vidonge. Wewe unamwambia akameze. Sasa ananunua nini?"

"Chakula," Msomi alisema.

"Toka hapa. Mwisho wa mwezi usirudi." Alishika paji la uso. "Presha yangu mimi." Mkono mwingine ulikwisha kupapasa ufunguo, ukafungua mtoto wa meza, ukatoa karatasi ya fedha, ukabonyeza kidonge. Alikitia mdomoni na kunywa maji, na ndipo alipokumbuka kwamba Msomi alikuwa bado amesimama pale.

Walitazamana. Kipimo cha moyo kilining'inia baina yao kama shahidi asiyejua lolote. Msomi alivitambua vile vidonge. Vilikuwa vya rangi ile ile, vya kampuni ile ile, kama vile vya nyuma ya mafaili ya baba yake.

"Hivi," Mkurugenzi alianza, akatafuta neno juu ya dari, mahali alipozoea kuyapata. "Hivi ni vya kuuamsha."

"Ndiyo, Mkurugenzi," alisema Msomi.

Hakuna lebo nyingine zilizokuwepo, na wenye maduka walikuwa wakingoja mzigo. Pakiti zikavishwa kilichokuwepo, zikaondoka.

*

Jioni ile Msomi aliweka pakiti mpya mezani bila kusema neno, akaenda jikoni, akaacha mlango wazi kidogo. Alisikia kiti kikivutwa dirishani. Alisikia kimya kirefu cha kioo kikipita juu ya maandishi. Kisha akasikia kabati likifunguliwa, mafaili yakisukumwa, na mlio mdogo wa karatasi ya fedha ikipasuka. Alishika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili.

"Mama," baba yake aliita. "Niletee maji."

Akampelekea. Mzee alimeza, akafuta midomo, akamtazama kwa lawama.

"Mmetoa lebo mpya, huniambii. Miezi miwili nakunywa uji mtupu humu ndani."

"Nilikuambia vidonge, baba."

"Uliniambia uji hauponyi. Hukuniambia haujaamshwa. Ni mambo mawili tofauti."

Wiki za kwanza kiwandani zilikuwa kimya. Mkurugenzi alipita kati ya meza kama mtu aliyefiwa. Halafu simu zikaanza, na zikaanza kwa fujo. Mwanamke mmoja alisema amerudia dawa zake kama pakiti ilivyoagiza, na presha yake imeshuka, unga huu ni kiboko. Fundi cherehani mmoja alisema kichwa kilichomuuma miezi mitatu kimetulia. Watu waliomeza vidonge walipata nafuu, kama watu wanaomeza vidonge wanavyopata, na sifa zote wakaupa uji. Safu ya kushoto ilijaa kurasa saba. Kwa mara ya kwanza katika historia ya daftari lile, aliyesema na aliyemaanisha walikuwa mtu mmoja.

Mkurugenzi aliyasoma yote akiwa amekaa. Alipoinuka alikuwa ameponyoka kwenye msiba wake.

"Ule mstari wangu," aliwaambia akina mama wa kufungasha, "mnaona ulivyofanya kazi? Niliufikiria muda mrefu." Akamgeukia Msomi, na ilikuwa wazi kwamba amesahau kuwa alimfukuza. "Sasa tuupanue. Andika na wa kisukari. Wamalizie dozi zao, waende kliniki zao, unga uamke. Andika na wa pumu. Usiache mtu."

"Sitaacha," Msomi alisema, na siku ile aliandika bila kuchoka.

"Nisaidieni," Mama Mizani alisema, macho yakiwa kwenye mizani yake. "Kwa hiyo unga huu unatibu, mradi mtu atibiwe."

"Hasa," alisema Mkurugenzi, akampigia makofi.

Jumatano moja, saa nne kasoro, simu ililia.

"Siha Timilifu, habari za asubuhi."

"Nzuri. Nataka kutoa ushuhuda."

Msomi aliitambua sauti hata kabla ya neno la tatu. "Shikamoo, baba. Kuna nini nyumbani?"

"Marahaba. Nyumbani salama. Na usiniite baba, nimepiga namba ya wateja. Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika. Presha ilikuwa mia na tisini. Leo zahanati imesoma mia na thelathini na nane. Muuguzi alitaka kunisomea, nikamwambia sogea, nimeisoma mwenyewe. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Andika na hili. Aliyeandika ule mstari wa kwenye kisanduku anajua kazi yake. Mwambieni amesikika. Nina binti yangu hapo kwenu, ana elimu nzuri, lakini mwoga, alitaka kuniachisha unga hivi hivi. Mkalisheni karibu na huyo mtu, ajifunze."

Msomi aliitazama rula ya Mkurugenzi iliyokuwa juu ya meza, akaisogeza kidogo, akairudisha ilipokuwa.

"Tutamkalisha," alisema. "Na vidonge, unameza kila siku?"

"Unaniuliza kama mteja?"

"Kama mteja."

"Kila asubuhi saa mbili, kabla ya uji. Nani atakunywa uji mtupu?" Akakata simu.

Kushoto Msomi aliandika kila neno, mpaka lile la mwoga. Nyuma yake alisikia viatu, kisha pumzi ya Mkurugenzi juu ya bega lake.

"Mia na tisini mpaka mia na thelathini na nane," Mkurugenzi alinong'ona. "Hii ni lebo peke yake. Kulia weka kitu kikubwa. Weka..." Akatazama dari.

Msomi hakungoja dari ijibu. Aliifunika safu ya kulia kwa kiganja cha kushoto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu apewe daftari, na chini ya kiganja, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, akaandika: "Amemeza vidonge vyake."